Mafunzo ya mchana mmoja kwa wahudumu wa gesti: namna ya kumtambua anayesafirishwa kiharamu

Saa tano usiku. Basi la mkoani limechelewa, stendi imeanza kupoa, na mlangoni kwako anaingia mama wa makamo na wasichana watatu. Anataka chumba kimoja, cha bei ya chini. Daftari la wageni analivuta kwake na kujaza mistari yote minne kwa mkono wake: majina, kabila, wanakotoka, wanakokwenda. Wasichana wamesimama nyuma, kila mmoja na mfuko wake wa rambo, hakuna mwenye simu. "Wadogo zangu hawa, alfajiri tunaendelea na safari." Anapewa ufunguo.

Mhudumu wa mapokezi ameona. Watu wa kazi hii huona kila kitu: nani kapiga mswaki, nani kagombana na mkewe, nani kaandika jina la uongo. Shida ni kwamba hajui alichokiona kinaitwaje, hajui amwambie nani, na anaogopa bosi akisikia mteja kafukuzwa fedha ya chumba itatoka kwenye mshahara wake. Basi anazima taa ya mapokezi, analala.

Mwongozo huu ni wa meneja au mwenye gesti, loji au hoteli ndogo, Tanzania au Kenya, anayetaka kuwafundisha watu wake sita au kumi bila projekta na bila mtaalamu wa kulipwa. Unamfaa pia anayepangisha nyumba kwa siku kule Diani, Malindi au Paje, maana wanaoogopa mapokezi ya hoteli hukimbilia nyumba zisizo na mapokezi.

Kabla ya kuita mtu yeyote kikaoni

Malizana na bosi kwanza, na kama bosi ni wewe, malizana na nafsi yako. Mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi na yawekwe sahihi. La kwanza, mfanyakazi akitoa taarifa kwa nia njema, hata ikija kuonekana amekosea, hafukuzwi wala hakatwi. La pili, chumba kilichopotea kwa sababu hiyo ni hasara ya nyumba, si ya mhudumu. La tatu, jina na namba ya mtu mmoja anayepigiwa usiku wa manane na akapokea. Bila karatasi hiyo usijisumbue na mafunzo. Utawafundisha watu kuona halafu uwaache wakiogopa.

Kisha angalia ndani ya nyumba yako, na hapa wengi huwa hatupendi kupaangalia. Yule binti anayefua mashuka uani alifikaje kwako? Nani alimleta, nauli alilipa nani, na mpaka leo bado anakatwa nauli hiyo? Kitambulisho chake kiko mkononi mwake au kwenye droo yako "kwa usalama"? Ana siku ya kupumzika? Akitaka kurudi kwao kesho, anaweza? Wahudumu wa baa na wa gesti ni miongoni mwa watu wanaosafirishwa na kutumikishwa, na huletwa kwa ahadi zile zile wanazopewa hausigeli. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, mrudishie kitambulisho chake na umlipe anachokudai kabla hujasimama mbele ya wenzake kufundisha. Atakuwa amekaa pale anakusikiliza.

Nani akae, na saa ngapi

Wote. Mapokezi, wa usafi, mlinzi, mpishi, mhudumu wa baa, dereva kama yupo. Kosa la kawaida ni kuwaita wa mapokezi peke yao kwa sababu ndio wanaovaa vizuri, wakati anayeingia chumbani kila siku ni wa usafi, na anayejua gari gani liliingia saa tisa usiku ni mlinzi. Mlinzi wa usiku mlipe muda wake, maana umemwamsha.

Saa nane mchana inafaa: vyumba vimeshafanyiwa usafi, wageni wapya hawajaanza kumiminika. Wagawe makundi mawili ili mapokezi yasibaki wazi. Saa mbili zinatosha. Jimbo la California kule Marekani limewalazimisha wenye hoteli kuwapa wafanyakazi wao mafunzo haya kwa sheria ya mwaka 2018, na kiwango cha chini walichokiweka ni dakika 20. Mimi dakika 20 naona ni za kutangaza tu kwamba mafunzo yapo.

Dakika ishirini za kwanza: kitu chenyewe ni nini

Usianze na sheria. Waulize: "Nani hapa anamjua mtu aliyechukuliwa kijijini akaambiwa anakwenda kusomeshwa, akaishia kuosha vyombo vya watu bila mshahara?" Mikono itanyooka. Hapo ndipo uwaambie kwamba jambo hilo lina jina: usafirishaji haramu wa binadamu, au kama wasemavyo Kenya, ulanguzi wa binadamu.

Lina miguu mitatu, kama jiko la mafiga. Figa la kwanza ni kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea, kumhifadhi. Figa la pili ni njia: uongo, vitisho, nguvu, deni, au kutumia shida zake. La tatu ni lengo: kumtumikisha, iwe kwa ngono, kazi za ndani, kuombaomba barabarani au kazi nyingine yoyote. Ndivyo ulivyoeleza mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000, ule wa Palermo, na sheria zetu zimefuata humo humo: ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2010. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 figa la pili halihitajiki. Hata kama amekubali, hata kama mama yake mzazi alimfungia mizigo, bado ni kosa.

Sisitiza neno "kumhifadhi". Gesti ni mahali pa kuhifadhi. Sheria ya Kenya inamtaja waziwazi anayeruhusu jengo lake litumike kwa kazi hiyo huku akijua: kifungo kisichopungua miaka 20, au faini isiyopungua shilingi milioni 20, au vyote viwili. Bosi akisikia hapo huacha kuchezea simu.

Halafu ondoa mambo mawili yanayowachanganya watu. Si lazima mpaka wa nchi uvukwe. Binti wa Singida aliyeletwa Dar es Salaam kwa uongo amesafirishwa kiharamu bila kuona pasipoti maishani. Na si kila anayevushwa kwa siri amesafirishwa kiharamu. Vijana wa Ethiopia wanaopitishwa Moyale, Nairobi na Mbeya wakielekea Afrika Kusini mara nyingi wamelipa wenyewe; hayo ni magendo ya wahamiaji. Ila safari hiyo hugeuka njiani. Wanafungiwa, wanadaiwa zaidi, ndugu zao wanapigiwa simu watume fedha. Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Kwa hiyo mhudumu akikuta watu kumi na wanne wamefungiwa chumba kimoja, asikae kupima kama ni hiki au kile. Apige simu, kupambanua ni kazi ya wengine.

Dalili, kila mtu na eneo lake

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Usiwasomee orodha ndefu, hawataikumbuka. Kila mmoja mpe za kwake, na umwache aongeze anazozijua yeye, atakushangaza.

Mapokezi ndiko kunakoonekana nani ana mamlaka juu ya nani. Mmoja anawasemea wote. Vitambulisho vyote vinatoka kwenye pochi moja na kurudi humo humo. Msafiri hajui anakwenda mji gani, au anajua mji lakini hajui kwa nani. Analipiwa siku moja moja, taslimu, na kila asubuhi siku inaongezwa. Anayelipa anaomba chumba cha mwisho wa korido au cha karibu na mlango wa nyuma, na hataki aliyenaye aachwe peke yake hata anapokwenda msalani.

Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kuna kundi lao maalumu: akina dada wenye pasipoti mpya wanaosubiri ndege ya Ghuba. Wengi wanakwenda kihalali, na hawa msiwaguse. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye pasipoti yake anayo ajenti, simu amenyang'anywa, mwajiri hamjui hata kwa jina, na amefundishwa kwamba akiulizwa uwanjani aseme anakwenda harusi ya dada yake. Tangu 2022 wameongezeka vijana waliosoma, wa kompyuta na Kiingereza kizuri, wanaoahidiwa kazi za ofisini Thailand na kuishia kambi za utapeli wa mtandaoni Myanmar. Usidhani anayedanganywa ni asiyejua kusoma tu.

Wa usafi yeye anasoma chumba. Siku tatu mlango haufunguliwi, lakini taulo zinaombwa nyingi kuliko watu waliosajiliwa. Mashuka yametandikwa sakafuni. Dirisha limezibwa kwa kanga mchana kutwa. Kufuli limefungwa kwa nje na ndani kuna mtu anakohoa. Kondomu zilizotumika ni nyingi kila siku, na mgeni ni binti mmoja asiyetoka. Watoto wawili wako chumbani saa nne asubuhi siku ya Jumanne, hawana begi la shule, hawachezi. Mwambie pia ajiamini: dakika kumi zake chumbani zinamwonyesha mengi kuliko daftari zima la mapokezi.

Mlinzi aangalie nani anashushwa usiku na gari linaloondoka bila kuzima injini; wanaume wanaopanda chumba kile kile na kushuka baada ya dakika ishirini, mmoja baada ya mwingine; na yule kijana anayekaa kwenye korido au chini ya mwembe siku nzima, hanywi soda, hana mgeni, ila kila binti yule akitoka naye anainuka. Bodaboda wa kijiweni humjua huyo kijana kabla yenu. Jikoni nako: sahani tano zinaagizwa kwa chumba cha watu wawili na mwagizaji hataki mhudumu azipeleke.

Dalili moja si kitu. Mtu kulipa taslimu ni kawaida yetu, kukosa kitambulisho ni kawaida pia, na wapo watu wasioongea kwa sababu wamechoka na safari. Mimi nawafundisha kusubiri dalili tatu zikutane, isipokuwa kwa mtoto. Mtoto aliye na mtu mzima asiyeweza kueleza vizuri ni nani yake, hiyo moja inatosha kuinua simu.

Lisilo dalili

Usiruke sehemu hii, kwa sababu mafunzo mabaya huzaa udhalilishaji. Mwanamke aliyekuja peke yake na akalipa mwenyewe ni mteja. Wapenzi waliochukua chumba kwa saa mbili ni wateja. Mtu mzima anayeuza mwili kwa hiari yake, tuseme tunachotaka kuhusu maadili, si lazima awe amesafirishwa na mtu. Dada huyo huyo anaweza kuwa wa kwanza kuwaambia kuna mtoto chumba namba tisa, kama mmekuwa mkimsalimia vizuri. Mzungu mwenye mke Mswahili ana haki ya kulala bila kuhojiwa. Msomali au Mhabeshi mwenye karatasi zake asigeuzwe mshukiwa kwa sura. Mfundishe mhudumu kutazama nani anamshika nani, nani anaogopa nani. Rangi, kabila na urefu wa sketi haviandikwi popote kwenye karatasi ya taarifa.

Daftari la wageni: silaha mliyonayo tayari

Daftari tunaloliona kero, lile askari wanalokuja kulikagua, ndilo chombo bora mnachomiliki. Badilisheni kitu kimoja tu: kila mgeni ajaze mstari wake kwa mkono wake, au ataje jina lake kwa mdomo wake. Liwe sharti la nyumba kwa kila mtu, hata waziri akija. (Safu ya kabila mimi ningeifuta, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.) Wafanye mazoezi hapo hapo kikaoni, wawili wawili:

"Karibuni sana, poleni na safari. Mmetoka wapi leo?"

"Singida."

"Mbali huko! Mdogo wangu, sogea uandike jina lako hapa."

"Nitamwandikia mimi, hajui kuandika vizuri."

"Hamna shida mama, atanitajia nimwandikie. Polisi wakikagua wakakuta mwandiko mmoja wanatusumbua sisi. Haya mdogo wangu, unaitwa nani? Na unakwenda wapi?"

Lawama iangukie polisi na utaratibu, kamwe isimwangukie mgeni. Sauti ibaki ile ile ya ukarimu. Anayemshika mwenzake hataki maswali, lakini hawezi kuukataa utaratibu wa nyumba bila kujifichua. Binti akitazama kwanza uso wa yule mama kabla ya kutaja jina lake mwenyewe, umeshaona. Usiulize zaidi.

Ukishashuku

Kwanza, usifanye ushujaa. Usimkabili mhusika, usivunje mlango, usimfuate mtu stendi, usimwambie binti "nitakuokoa" huku mlango uko wazi. Atakayelipia ushujaa wako ni yeye, usiku huo huo. Usipige picha na kurusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ndani ya dakika kumi itamfikia anayehusika. Kama kuna moto, kipigo au kelele za kuomba msaada, hilo ni jambo jingine: piga 112 papo hapo.

Andika. Saa, namba ya chumba, idadi ya watu, umri wa kukadiria, mavazi, namba ya gari, ulichosikia kwa maneno yale yale. Andika ulichokiona, unachodhani kiache. Kama kuna kamera, hifadhi picha za siku hiyo kabla hazijafutika. Chumba kikishaachwa, kifungeni bila kukifanyia usafi mpaka mpewe ruhusa.

Mwambie yule mtu mmoja aliyeandikwa kwenye karatasi, na yeye apige. Akihusika mtoto, namba ni 116, Tanzania na Kenya, bure. Kwa Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto; meneja aende kujitambulisha pale mapema, siku ya kawaida, ili siku ya tukio asiwe mgeni. Afisa ustawi wa jamii wa kata yako naye uwe na namba yake. Kenya, mwenzake ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Najua kuna mkono utanyooka: "Na kama askari mwenyewe ni rafiki wa huyo mtu?" Swali halali, usilicheke. Jibu langu ni milango miwili: kila taarifa ya polisi iende na nyingine, kwa 116 au ustawi, na saa za simu zote mbili ziandikwe. Jambo linalojulikana na ofisi mbili huwa gumu kuzimwa.

Simu yenyewe ifanyiwe mazoezi kwa sauti, maana mtu mwenye hofu husahau hata jina la mtaa wake:

"Nipo mapokezi, gesti fulani, nyuma ya soko. Kuna mwanamke mtu mzima na wasichana watatu, ninavyowaona hawajafika miaka 18. Wameingia saa tano usiku, chumba namba saba. Vitambulisho anavyo yeye. Wamesema wanaondoka na basi la saa kumi na mbili. Nahofia wanasafirishwa kiharamu. Hawajui kwamba nimepiga."

Angalia maneno "nahofia wanasafirishwa kiharamu". Ukisema "kuna wahamiaji haramu hapa", askari watakuja na pingu kwa ajili ya wale wale unaotaka wasaidiwe. Sheria ya Kenya inamkinga aliyesafirishwa asishtakiwe kwa kuwamo nchini bila kibali, lakini kinga hiyo haifanyi kazi kama hakuna aliyesema kwamba amesafirishwa kiharamu tangu simu ya kwanza.

Mchezo wa kuigiza, kisha waachie

Nusu saa ya mwisho wape visa vitatu waigize: yule mama na wasichana watatu, binti mmoja wa chumba cha mwisho na kijana wa korido, na baba halisi anayesafiri na bintiye mkaidi aliyenuna kwa sababu kanyimwa simu. Hicho cha tatu usikiache. Kundi litakalomkamata baba wa watu linahitaji kurudia somo, na litacheka, na litakumbuka.

Mfanyakazi mpya apewe mafunzo haya wiki yake ya kwanza, na wote warudie kila baada ya miezi sita, kwani watu wa gesti huhama sana. Karatasi ya namba ibandikwe nyuma ya kaunta upande wa wahudumu. Nyingine, ndogo, yenye 116 na sentensi moja tu, "Umeletwa kwa uongo au umezuiwa kuondoka? Piga bure, au mwambie dada wa usafi", ibandikwe ndani ya mlango wa choo cha wanawake, usawa wa macho ya aliyekaa. Isiwe mapokezi. Mapokezi ndipo anaposimama yule mwenye pochi la vitambulisho.